Akina Mama Uliowajua kwa Kichwa

Yaya wangu, kaka yangu uliyetangulia,

Leo nimepita mtaa wetu wa zamani wa Kamalondo kwa miguu, kama tulivyozoea, wewe mbele na kinasa sauti mkononi, mimi nyuma nikilalamikia jua. Ulikuwa unakusanya nyimbo za kilio. Kila palipokuwa na msiba uliwauliza akina mama nani alitunga wimbo gani. Wengine walikufukuza. Wengine walikuimbia tena, machozi yakiwatoka.

Uliandika kwamba nyingi ya nyimbo hizo zilitungwa na wanawake wachache tu, na chuoni walikusifu sana. Ulipofariki, waliniomba nirudie hesabu yako kabla ya kuchapa kitabu chako. Nikaingiza majina ya watunzi kwenye kompyuta. Jibu likatoka kinyume: wanawake wengi, karibu kila mmoja na wimbo wake. Mwalimu mmoja akaniambia taratibu, "Mama, ile hesabu ya yaya yako iko ya bongo." Niliumia. Kukuita mwongo, na udongo wa kaburi lako bado mbichi!

Mama Kasongo, jirani yetu wa zamani, ndiye aliyenifungua macho. Nilimsomea majina, akacheka.

"We mutoto! Mama Kasongo ni miye. Célestine ni miye, jina ya batizo. Na kisha kuzala mapasa, banaanza kuniita Mama Mapasa. Yaya yako alijua ile yote!"

Kumbe majina matatu ya orodha yangu, hata lile la kuzaa mapacha, yalikuwa ya mtu mmoja.

Nikakumbuka siku niliyokusihi uandike jinsi unavyohesabu. "Ya nini?" ulisema. "Iko mu kichwa." Ndiyo, Yaya, ilikuwa kichwani, na kichwa tumekizika.

Nimerudi nyumba kwa nyumba. Kila nilipounganisha majina nimeandika nani kanieleza, na hatua zote za hesabu nimeziacha wazi. Mwanafunzi mmoja wa Kipushi, ambaye hakukujua kabisa, amezifuata akiwa kwao. Amepata jibu lilelile nililopata mimi, nalo linakusafisha: watunzi walikuwa wachache.

Ila majina mawili, Véronique na Mama Ilunga, yamenishinda. Familia yao imehama, na hakuna anayejua kama ni mtu mmoja au wawili. Sikutaka kubahatisha. Nimewaacha wawili, nikaandika pembeni: aliyejua amefariki.

Nilikukasirikia sana kwa ukaidi wako. Sasa hasira imeisha, nimebaki na hamu ya kukuuliza tu. Pumzika, Yaya. Ukikutana nao huko, awe mmoja au wawe wawili, tusalimie.

Mimi mdogo wako, niliyekufuata nyuma