Mkwaju Wako wa Kwenye Karai

Kaka Jilo,

Arobaini yako imepita salama. Watu walikuja hata kutoka Tarasaa, wali ulitosha, na mto bado uko chini. Hayo ungeyauliza kwanza, ndiyo maana nimeanza nayo. Lakini ninalokuandikia ni habari ya mkwaju.

Uliporudi kutoka vita vya Burma na ule mguu wako, ukapanda mbegu ya mkwaju kwenye karai bovu, kijiji kizima cha Hewani kilicheka. Ulisema hospitalini Seloni ulimwona mzee akitunza mti wa umri wake mwenyewe, nao haukumfika gotini. Kila mwaka ukawa unaupunguza mizizi, unaufunga waya, unaukunja kidogo. Shemeji Habona akipita na ndoo yake husema, "Mkwaju usiozaa ukwaju!" Nami nikaamini anauchukia.

Basi baada ya arobaini nikamwambia nitauchukua, niende nao Garsen ninakofundisha. Akaendelea kupeta mchele.

Kesho yake asubuhi nilikaa mbele ya mti na mkasi wako. Uliuacha na vichwa viwili, yaani matawi mawili ya juu, kimoja kimesimama wima, kingine kimelala upande. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba haviwezi kubaki vyote. Mimi siku zote nilitaka kibaki kilichosimama. Wewe ukasema, "Ngoja kwanza." Ukangoja miaka miwili, homa ikakukuta hujaamua.

Nikalishika lile tawi lililolala, nikafungua mkasi.

"Siyo hilo," Shemeji akasema nyuma yangu.

Akachuchumaa, akaligeuza karai. Akanionyesha mzizi mnene upande wa pili, uliolishikilia tawi lililolala lisianguke. Lile la wima lilikuwa limenyooka tu, chini yake hamna kitu.

"Miti ya ukingoni yote imelala hivi," akasema, "na maji yakija ndiyo inayobaki. Jilo alijua. Kukata ndiko alikokuogopa."

Nikamwuliza amejuaje. Kumbe miezi yote ya ugonjwa wako yeye ndiye aliyeumwagilia, akikuletea karai kitandani, mkiutazama na kubishana ninyi wawili. Kaka, hukuniambia. Nilikuwa nimekuja kuuondoa mti kwa mjane wako bila hata kumwuliza, kana kwamba ni koti lako kuukuu. Nikaona haya.

Nikampa mkasi. Akalikata lile la wima. Tawi lilipoanguka ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu tukuzike, akakaa chini palepale. Nikakanda udongo wa mfinyanzi, nikaupaka kwenye kidonda cha mti, kisha nikaupaka tena ingawa ulikuwa umetosha.

Juzi alinitumia salamu kupitia mwuza samaki mmoja: chini ya kidonda yametoka machipukizi manne. Mawili ameyang'oa, hakuyapenda yalikoelekea. Hakuomba ushauri wangu.

Mti ni wake, Kaka, na yeyote wa kwetu atakayesema vinginevyo atanikuta mimi. Likizo nitakwenda kumsaidia kubadilisha udongo. Nitashika nitakapoambiwa nishike, na mkasi sitaugusa.

Pumzika sasa. Kwa heri.

Mdogo wako,
Komora