Orodha ya Kituo Kilichofungwa

London, 14 Machi 2005

Shangazi Hilda mpendwa,

Ndoa tamu jamani! Clive wangu anavipenda vituo vya treni vya chini ya ardhi vilivyofungwa, nami nikaiomba ofisi ya reli kumbukumbu za kile cha mtaani kwenu, nimfurahishe. Zilipofika akacheka: "Wake wa wenzangu huleta keki, wewe faili!"

Tukasoma orodha ya waliojificha humo kuyakimbia mabomu ya vita, 1940: "Mtoto mchanga wa kike, ameokotwa ngazini. Amechukuliwa na Bi. Edith Tapsell."

Edith ni mama yako! Na mwaka huo ndio uliozaliwa wewe. Shangazi, nimeduwaa.

Ningenyamaza, ila kwa sheria mpya ya uhuru wa habari, yeyote akiziomba kumbukumbu hizi hupewa. Bora uyasikie kwangu kuliko kwa mtu baki.

Mimi, bado binti wa kaka yako,
Pauline