Nusu Saa Hadi Mbale

Mjukuu wangu Nabwire,

Huku Budondo sote wazima. Goti langu linanisumbua kidogo, na bibi yako anavuna maharage.

Unauliza ndege kutoka Jinja hadi Mbale inachukua muda gani, ili umfikie baba yako upesi na kumwambia mwenyewe kwamba umeacha masomo. Ni kama nusu saa. Nilipokuwa askari kijana, afande alinipandisha ndege ndogo ya jeshi nikampe mama mmoja wa Wanale habari kwamba mwanawe, rafiki yangu, amefariki.

Nilishuka sijapata hata neno la kwanza. Nikaipita nyumba yake, nikarudi, nikaipita tena. Mara ya tatu nilimkuta ameshaweka kiti uani.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Ulipopita mara ya kwanza nilijua. Nimekuwa nikingoja uingie."

Kwa hiyo ndege iache. Panda basi, ni saa tatu hivi, maneno utayapata njiani. Ila ukifika kwa baba yako, nyumba usiipite.

Babu yako