Picha Tuliyoifuta Ikakataa Kufutika

Jumamosi asubuhi. Ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Nyamira na majani ya chai yanadondosha maji kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa. Sisi ni Wasabato, na Mama na wengine wote wameenda kanisani. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Mama alitazama mkono wangu uliofura, akafunga mlango polepole bila kuuliza.

Ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Wanaosoma blogu hii wamezoea kunikuta nikieleza mambo ya tovuti. Leo pia nitaeleza, kwa sababu yaliyotokea jana yalianzia huko. Lakini nikifumba macho siioni kompyuta. Naona mtu amelala kwenye matope na kiatu kikishuka juu ya uso wake.

Ninatunza tovuti ndogo ya habari za hapa kwetu. Ofisi iko mjini Kisii, juu ya duka la dawa. Mwenyewe ni Moraa. Yeye anaandika habari, mimi nahakikisha kurasa zinafunguka. Tuko wawili tu.

Juzi kulikuwa na habari ya mtoto aliyetoweka Birongo. Watu walisema ameibwa, na aliyetajwa aliitwa Onsare. Moraa akalitafuta jina hilo mtandaoni, akapata picha, akaiweka juu ya habari. Picha ilikuwa ya Onsare mwingine, muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili, mtu mpole ambaye hana ndugu wala shughuli Birongo.

Jana asubuhi mteja mmoja wa muuza ndizi huyo alitupigia simu akituonya. Moraa akaiondoa picha papo hapo. Nilimwona akiiondoa. Niliangalia kwenye kompyuta yangu nikaona haipo, nikaendelea na kazi.

Halafu akaja mke wa Onsare.

Aliingia akihema, leso imemtoka kichwani. Alisema anaitwa Mama Nyaboke na kwamba mumewe amerushiwa mawe akipanga ndizi.

"Toeni picha ya bwanangu," akasema. "Nawaomba. Watamuua."

"Mama, tulishaitoa," Moraa akamjibu, akamgeuzia kompyuta aone.

Mama Nyaboke hakuitazama hata kidogo. Alinyoosha simu yake. Onsare alikuwa pale, anatabasamu, na juu yake maneno: *Anatafutwa kwa wizi wa mtoto.*

"Hiyo ni simu yako inasumbua," Moraa akasema.

"Sokoni kote wanaiona! Simu zote zinasumbua?"

Nilijua simu yake haina shida.

Tovuti yetu hutumia huduma ya kusambaza kurasa. Nakala za kila tulichochapisha huwekwa kwenye seva, yaani kompyuta, nyingi za mbali, ili mtu aliye Marani mwenye mtandao dhaifu asisubiri. Ukibadilisha kitu, kuna plagini, programu ndogo ndani ya tovuti, inayotuma amri kwa seva hizo: tupeni nakala ya zamani, chukueni mpya. Sisi wa ofisini tunaona ukurasa wenyewe moja kwa moja. Wasomaji wanaona nakala.

Nikafungua mipangilio ya plagini. Alama ya kijani ilikuwa inawaka: nakala zimesafishwa. Lakini sehemu ya logi, ambako plagini huandika kila amri iliyotuma na kila jibu ililopewa, ilikuwa imezimwa. Haikuwa imeandika neno.

Nikaiwasha, nikahifadhi, nikaamuru nakala zisafishwe upya, kisha nikaifungua logi kuisoma.

Mistari yote ilikuwa myekundu. *Amri imekataliwa. Ufunguo haukubaliki.*

"Moraa, umebadilisha ufunguo wa akaunti?"

Alikuwa ameubadilisha, ile nywila inayoruhusu amri zetu, alipomfukuza mwandishi mmoja tuliyekuwa naye, akihofia angeingia kuharibu. Hakuniambia. Plagini ikabaki na ufunguo wa zamani, inabisha mlango usiofunguka, huku ikituonyesha kijani. Onsare aliondoka kwenye kompyuta yetu tu. Kwingine kote alikuwa bado mwizi wa watoto.

Nikauweka ufunguo mpya na kuamuru tena. Logi ikajibu: *Imekubaliwa.* Mama Nyaboke akaufungua upya ukurasa. Picha haikuwapo.

Akakaa chini sakafuni. Akampigia mumewe amwambie.

Simu ilipokelewa na mtu mwingine. Hatukusikia salamu. Tulisikia kelele, watu wengi, na ndani yake sauti moja ikilia, "Tiga! Tiga!" Acheni, acheni.

Tulikimbia. Moraa hakuja. Alisema anabaki kupiga simu polisi, na kweli alipiga.

Tulipofika Daraja Mbili hakukuwa na mtu aliyekuwa akiuza. Duara la watu lilikuwa pale upande wa ndizi. Nilisikia kabla ya kuona: mti ukigonga nyama, sauti nzito isiyofanana na kitu kingine. Mama Nyaboke alipita kati ya miguu yao kwa magoti. Mimi nilipita kwa viwiko.

Onsare alikuwa amelala ubavu. Sikio lilikuwa linaning'inia. Mkono mmoja ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Ndizi zilikuwa zimekanyagwa zikachanganyika na matope na damu, na wanaume walikuwa wakiteleza kwenye tope hilo, wakiinuka, wakimpiga tena. Walikuwa wamemvisha tairi shingoni.

Nilipiga kelele hadi koo likauma. "Si yeye! Picha imetolewa! Fungueni simu muone!"

Mwanaume mmoja alinisukumia simu usoni. "Hii hapa! Huyu ni nani kama si yeye?"

Haikuwa tovuti yetu. Mtu alikuwa ameipiga picha skrini, akaituma kwenye vikundi, ikasambaa. Hakuna plagini duniani inayoweza kuamuru simu za watu zitupe walichokwisha kuhifadhi. Nilikuwa nimefunga bomba, na nyumba imeshajaa maji.

Mama Nyaboke alimlalia mumewe. Hawakuacha. Walimpiga mgongoni, mbavuni. Yeye hakulia, alikuwa anasema jina la Mungu tu, Nyasae, Nyasae, kila pigo likimkata neno.

Kisha nikamwona mwenye shati la kijani. Alikuwa na chupa ya maji, lakini ndani hayakuwa maji. Nilisikia harufu ya petroli. Alikuwa anafungua kifuniko huku Mama Nyaboke yuko juu ya mumewe, na alimwona.

Niliokota ubao wa kreti ya nyanya. Ulikuwa na misumari.

Pigo la kwanza lilimpata kwenye kifundo cha mkono, chupa ikaruka. Hilo lilitosha. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: hilo lilitosha kabisa. Lakini nilimpiga tena, begani, halafu usoni, na alipoanguka nikampiga mara nyingine. Nilisikia mfupa wake ukilia na nikafurahi. Sikuwa nawaza juu ya Onsare. Nilitaka yule mtu aumie, basi.

Mwanamke mmoja, muuza mboga mwenye aproni, alinikamata kiuno kutoka nyuma.

"Madam, ameshaanguka. Tupa hiyo. Njoo tumsitiri huyu."

Akina mama wa sokoni walikuwa wamefika. Walikuwa wamejificha mwanzoni, waliniambia baadaye, kwa sababu wa kwanza aliyemtetea alichaniwa mdomo. Sasa walikuja wote pamoja, wengine na visu vya kukatia miwa, wakawazunguka Onsare na mkewe migongo ikiwa ndani, nyuso nje.

"Huyu tumeuza naye," yule wa aproni akawaambia wanaume. "Anayemtaka apite kwangu."

Mmoja alijaribu. Alikatwa kiganja. Wengine wakasimama, wanahema, wanatazamana kama watu walioamshwa. Polisi walipofika wakipiga risasi hewani, nusu ya wale wanaume walikuwa wameshatoweka. Tulimpakia Onsare kwenye pikapu iliyoleta ndizi.

Jioni habari zikaja. Mtoto wa Birongo amepatikana Marani kwa shangazi yake, ameshiba, anacheza. Alikwenda mwenyewe. Hakuna aliyemwiba.

Nililia hadi nikatapika.

Leo, kabla watu hawajaenda kanisani, Moraa alipiga simu.

"Kerubo, zima zile logi. Na zilizokwisha kuandikwa, futa. Polisi wakiuliza, sisi tulitoa picha mapema."

"Tuliitoa, na haikutoka."

"Unataka kunifunga?"

"Nataka kusema ilivyokuwa."

Moraa si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. "Basi Jumatatu usije," akasema.

Sikuzima. Nakala ya logi nilishaihifadhi kwangu jana, hata kabla ya kunawa damu.

Halafu naye Mama Nyaboke akapiga, kutoka hospitalini. Ana mbavu mbili zilizovunjika lakini amekataa kulala kitandani mbali na mumewe. Daktari hana uhakika na jicho la kushoto.

"Ameongea," akaniambia. "Anauliza ndizi zake nani amezifunika."

Nilitaka kumwambia amdanganye, amwambie zimefunikwa. Badala yake nikamwambia angoje, naja, tutamwambia pamoja. Kutoka hapo nitaenda kituo cha polisi kuandikisha. Nitasema juu ya ufunguo. Nitasema juu ya mwenye shati la kijani, na mapigo yangu yote, hata yale yasiyokuwa ya lazima.

Sijui watanifanya nini. Ninavaa viatu.