Numero Uliyoiacha Kwenye Jina Fupi

Papa Amani,

Nimekasirika. Naanza na hilo juu wewe ulikuwa unajua: nikianza na salamu ndefu, kuna kitu nimeficha. Leo sifichi. Miezi saba nimekulilia, watoto wananiona, majirani wananiona, na bado nakulilia. Lakini tangu Jumanne nalia huku nimefunga meno.

Habari za nyumbani, upesi. Neema ameota meno mawili na anauma. Amani ameanza masomo. Mwalimu alimuuliza papa yake anafanya kazi wapi, akajibu, "Iko kwenye wingu, anaangalia serveur." Mwalimu alinishika mkono kwa huruma, akasema mutoto amekubali mapema kwamba papa iko mbinguni. Sikumusahihisha. Ningeanzia wapi?

Mimi nakaa kwenye kiti chako cha kazi. Watu wa chama cha kuchangia damu walinipokea "kusaidia-saidia kidogo," maneno yao, mpaka wapate mutu mwenye diplome. Naenda na Neema mgongoni. Héritier, mwenzako wa meza ya pili, bado ananisalimia kama mutu aliyekuja kuleta chakula.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Mimba ya Neema ilikuwa imenivimbisha miguu, ukaniwekea kiti mbele ya ile écran nyeusi ya mashine yako, isiyo na picha, maandishi tu. Mimi, niliyeishia mwaka wa nne wa sekondari. Ukasema kuna neno moja, dig, maana yake chimba: ukitaka kujua jina la site ya internet linapeleka watu wapi, usiulize watu, chimba. Tangu hapo ikawa kila saa, "Mama Amani, tuchimbe kwanza." Mama Zawadi akatusikia kupitia ukuta, akatangaza mtaa mzima kwamba tumepata shimo la almasi. Alikuja na beseni lake kabisa! "Jirani, hata mchanga wa kuosha munikatalie?" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Halafu ukanieleza mugawaji. Ulisema: tazama pale beach, kwenye kivuko cha mto, yule papa anayesimama ndani ya tope na kupanga watu kwenye mitumbwi ya kuvuka kwenda Lubunga, wewe pirogue hii, wewe ile, hii imejaa, ngoja. Site yetu ya kutafutia watu wa kutoa damu nayo iko na serveur mbili, mashine zinazoibeba, kule cloud, lile wingu la mashine za kukodi, na mbele yao mugawaji anayepanga watu. Ukainua kidole kama padri: "Numero ya mugawaji, ile anwani yake ya tarakimu, inabadilika. Wenye cloud wanaibadilisha wakati wanataka, hawakuombe ruhusa. Jina lake halibadilike. Donc sisi tunaandika jina lake. Numero yake hatuandike, hata siku moja." Ukaniambia nirudie. Nikarudia.

Hata siku moja, Papa Amani.

Jumanne asubuhi Mama Sifa, muuguzi wa maternité, nyumba ya uzazi, kule Lubunga, alinipigia. Alikuwa na mama aliyezaa alfajiri na damu haikatiki. Alitaka kufungua site atafute mutu mwenye damu inayopatana na ya yule mama, kama anavyofanya siku zote. "Mama Amani, site yenu imekufa! Inazunguka tu, inazunguka, halafu hakuna kitu!"

Nikamwambia Héritier. Akafungua kwenye mashine yake, ikafunguka. "Kwangu inafunguka muzuri. Wamama wa ng'ambo hawajue hata kuandika adresse." Mama Sifa akapiga tena. Héritier akasema ni réseau, mtandao wa Lubunga ni mbovu. Akapiga tena, sasa analia, bwana wa yule mama ameshakimbia kutafuta damu kwa miguu, anasimamisha watu njiani. Na Héritier, bila kugeuza kichwa: "Maman, enda umunyonyeshe mutoto, tutaangalia."

Nilimnyonyesha. Mkono mmoja ukamshika Neema, mwingine ukafungua ile écran nyeusi.

Nikachimba. Kwanza jina refu, lile lenye www mbele, ambalo Héritier amelihifadhi kwenye mashine yake na hajawahi kuandika lingine. Jibu likatoka: jina la mugawaji, na chini yake numero zake mbili za leo. Safi. Halafu nikachimba jina fupi, lisilo na www, lile ambalo wauguzi wote wanaandika, juu ndilo tuliloandika kwenye karatasi za ukutani. Likatoka jibu moja. Hakuna jina la mugawaji. Numero tupu. Na numero hiyo haikuwa hata moja kati ya zile mbili.

Unaelewa? Serveur zetu zilikuwa hai, zimekaa zinangoja. Jina fupi lilikuwa linapeleka watu mahali ambapo mugawaji alishahama, wenye cloud wamembadilishia numero.

Nikampigia Mama Sifa: "Weka www na nukta mbele ya jina. Sasa hivi, nakungoja." Nikasikia anapumua. Halafu akapiga kelele, "Imefunguka!" na akanikatia telefoni usoni. Vizuri alivyonikatia.

Nikabaki na ile numero. Niliita orodha ya rekodi zote za jina letu kule cloud, ikashuka kwenye écran, na ndiyo hiyo: jina fupi, numero, na agizo kwamba mashine yoyote iliyoisikia iishike siku nzima kabla ya kuuliza tena. Nikasema moyoni, huyu ni Héritier. Naapa, nilifurahi kidogo. Nikaambia mashine yako initafutie numero ileile ndani ya faili zako zote, nione kama uliwahi kumkataza.

Ikanionyesha mstari mmoja, kwenye faili yako ya kazi za kufanya. "Jina fupi: cloud inakataa jina la mugawaji. Nimeweka numero, provisoire. Nitarudi."

Provisoire! Ya muda tu!

Niliisoma mpaka Neema aliniuma. Wewe. Mwenye kidole juu. Najua sasa kwa nini cloud ilikataa: jina fupi halikubali ile njia ya kawaida, linataka njia nyingine wanayoita alias. Mimi, wa mwaka wa nne, nimeitafuta nikaipata kabla ya saa sita. Ungenyoosha mkono tu ungeigusa. Lakini ulichoka, ukasema kwanza hivi, nitarudi.

Na homa yako ilikuwa hivyo hivyo. Usinyamaze, nakuambia. Nilikushika paji la uso nikasema twende hospitali, ukasema, "Kidonge hiki kwanza, kesho tutaenda." Kesho yake ukasema nafuu. Siku ya tatu nilikupandisha kwenye moto, pikipiki ya kukodi, mimi nyuma nakushikilia, kichwa chako kinagonga bega la mwenye kuendesha, na daktari akaniuliza, "Mama, mulikuwa munangoja nini?" Mimi ndiye niliyeulizwa. Mpaka leo ndugu zako wananitazama na swali hilo, na wewe umelala huko kimya, mutu muzuri, kila mutu anakusifu.

Bon. Nimevuta pumzi.

Nilibadilisha rekodi mwenyewe. Nilifuta numero, nikaweka alias ya mugawaji, nikachimba mara tano mpaka numero mbili zikatoka kama zinavyotakiwa. Lakini ulikuwa umeagiza siku nzima, donc wengine wangeendelea kushika jibu la zamani mpaka kesho yake. Nikapigia maternité moja moja: www mbele, leo na kesho, tafadhali. Héritier alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimchukua Neema mikononi mwangu ili niandike na mikono miwili, na hilo nalo nitalisema kwa haki.

Mutu wa damu alipatikana upande wetu wa mto, kwenye commune ya Kisangani, fundi cherehani mmoja. Alivuka na pirogue, uzi ungali shingoni. Mama yule iko hai. Hajaweza kusimama bado, Mama Sifa anasema anaketi tu na kunywa bouillie, uji mwepesi, lakini iko hai na mutoto iko hai.

Alhamisi mukubwa wa chama alituita kuandika rapport ya mambo ya Jumanne. Héritier akainama kwangu, sauti ya matanga: "Tuandike panne ya réseau, mtandao uliharibika tu. Tusichafue jina la marehemu." Na wote wakatikisa kichwa. Unajua tulivyo, mutu akishazikwa hana kosa hata moja tena. Mukubwa akaniambia, "Mama Amani, ni kwa heshima ya bwana yako. Na yako pia, na ya watoto."

Nilitaka kukubali. Nakuambia ukweli, mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo. Kisha nikawaza: wakiandika réseau, hakuna atakayepitia rekodi nyingine ulizoziacha, na Mama Sifa atabaki mwanamke asiyejua kuandika adresse. Nikasema, "Andikeni: bwana yangu aliweka numero. Alijua haifai. Hakurudi." Mukubwa akauliza kama nina hakika. Nikageuza mashine nikawaonyesha mstari wako.

Sikulia. Nililia njiani, karibu na marché, mbele ya wauza mafuta ya mawese, na mmoja akanipa kiti.

Sasa wanasema kiti chako ni changu, hakuna tena "kusaidia-saidia." Sikuwashukuru. Nilikipata kwa kukusema vibaya, na kitanichoma muda mrefu.

Bado nakupenda, jambo hili halinipunguzii hasira hata kidogo. Pumzika, Papa Amani, sina tena nguvu ya kukugombeza leo. Nakuahidi rekodi zako zote nitazipitia, moja kwa moja, na ya mwisho nitaigusa kwa mikono yangu. Watoto wakiumwa, hakuna kesho, tunaenda siku ileile. Na Jumamosi navuka Lubunga. Mama Sifa amesema nisijisumbue, yule mama anajua tu kwamba mashine iliharibika. Nitaketi pembeni ya kitanda chake, nimwambie kwa mdomo wangu nani aliweka ile numero na kwamba alijua. Akitaka kukukasirikia, akukasirikie. Tutakuwa wawili.

Mama Amani