Kamera Isiyoona Manjano

Alhamisi, 31 Julai 2025
Kabasele ni mpumbavu! Naandika hapa ili nisiandike gazetini tena. Leo kwenye mkutano wa shirika letu la parokia tuliacha habari za hija, tukagombana juu ya jua. Yeye hupiga picha za arusi hapa Manika, basi anajiona bwana wa mwanga wote. Eti appareil yake, kamera kubwa ya rangi, italipiga jua vizuri kuliko kamera yoyote nitakayonunua kwa darubini yangu. Nikasimama. Nikaapa: tupige wote wawili, tulinganishe baada ya misa. Nikishindwa, sitasema neno shirikani hadi Noeli.
Makofi! Marefu mno. Huguette, mke wangu, alipiga kuliko wote.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimesoma mpaka chai imepoa. Jambo ni wazi. Kamera ya rangi inagawa mwanga, kila nukta inapata fungu lake tu. Ya nyeusi na nyeupe inakula wote. Tena hewa inachemka juu ya migodi yetu, jua linatetemeka kama uji. Inatakiwa kamera ndogo yenye mbio: ikamate picha nyingi upesi, kisha uchague zilizotulia. Ukubwa si hoja. Kabasele ana kichwa kikubwa, na je?
Valérie, binti wa dada yangu, yuko Lusaka kuchukua bidhaa. Akapiga simu toka duka la kamera.
«Tonton, banauliza: ya couleur ao ya noir et blanc?»
«Noir et blanc.» Nyeusi na nyeupe.
«Na beyi iko moya! Tonton, banakuibia rangi!»
Huguette akadakia: jua ni manjano tangu Adamu, na mume wake anaagiza kipofu.

Jumatano, 13 Agosti
Imefika! Ndogo kama kopo la tomati. Mama Mujinga, mkuu wa shirika, akaja na maji ya baraka, kama kwa motokari mpya. Nikamsihi kifuniko kibaki. Akanitazama kwa huruma.
«Tata Kanku, baraka haipite mu kifuniko.»
Akafungua. Akanyunyiza. Mimi, niliyebishana na maaskofu, nikasema amina.
Nje nimepangusa. Ndani sikuthubutu.

Jumapili, 17 Agosti
USHINDI! Jua la Kabasele: jeupe, tupu, sahani ya kantini. Jua langu: vidoa vidogo pembeni, na katikati doa moja kuu, jeusi, lenye ukingo kama pete! Uwanja mzima wa kanisa ukasogea kutazama.
«Kumbe hata jua iko na zambi!» — Mama Mujinga.
Kabasele akavua kofia. «Tata Kanku, mi nilikosa.» Mbele ya wote!
Huguette peke yake hakupiga makofi. Alikuwa karibu sana kupata kimya changu hadi Noeli, akasema.

Jumatatu, 18 Agosti
Asubuhi nimerudi kwenye darubini. Doa kuu lipo. Vizuri. Nikaisogeza kidogo: jua likateleza kwenye écran ya kompyuta, vidoa vidogo vikaenda nalo. Doa kuu halikwenda. Nikasogeza tena. Likabaki katikati ya picha, limetua kwenye ukingo wa jua kama nzi.
Nikafungua kamera. Juu ya kioo cha ndani: tone lililokauka, na pete ya vumbi kuzunguka. Maji ya baraka!
Hoja yangu bado ni sahihi! Vidoa vidogo ni vya kweli, na appareil ya Kabasele haikuona hata kimoja. Nilishinda! Lakini nani alitazama vile vidogo?
Sauti kwenye lango. Kabasele, na shirika zima nyuma yake. Anataka kuliona doa kwa macho yake, kisha aagize kamera kama yangu. Mama Mujinga amebeba chupa — safari hii ni zamu ya darubini! Huguette amewafungulia, anacheka peke yake. Huyu mwanamke alijua tangu lini?
Nina kitambaa mkononi. Nikifuta, nafuta baraka na ushindi pamoja. Nisipofuta —
«Tata Kanku! Toka, utuelezeye ile doa!»
Wananiomba niseme. Wao, waliopigia kiapo changu makofi! Mimi!