Maziwa ya Moto

Kabambare, 8 Machi 1955

Mjomba wangu Sumaili,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Hamjambo huko Kasongo? Sisi tuko wazima, ila uzima wenyewe ni wa kusema tu. Homa inanishika jioni, asubuhi inaniacha na jasho na maumivu ya viungo. Inaondoka, inarudi. Mimba ya pili imeharibika. Ng'ombe wawili wa mume wangu Amuri nao wametupa mimba. Ndama mmoja nilimvuta kwa mikono yangu. Mama mkwe anasema niliruka kamba ya ng'ombe, ndiyo maana mkosi umetuingia, mimi na zizi. Anataka Amuri anirudishe kwetu. Amuri hamkatazi, na hilo ndilo linaloniumiza. Wewe unafanya kazi kwa daktari wa mifugo. Nisaidie.

Mpwa wako, Aziza

Kasongo, 20 Machi 1955

Aziza mwanangu,

Hatujambo, ila goti langu linalalamika kama kawaida yake. Hakuna mkosi. Ni ugonjwa mmoja, unatoka kwa ng'ombe unaingia kwa mtu, kwa maziwa na kwa uchafu wa mimba iliyotupwa. Ndama wa namna hiyo asishikwe kwa mikono mitupu wala asipewe mbwa. Mzikeni chini sana. Wale wawili wafungwe mbali, na Amuri asimuuzie jirani. Nyote mnywe maziwa ya moto tu. Kisha uje upimwe damu, dawa iko.

Mjomba wako, Sumaili

Kabambare, 2 Mei 1955

Mjomba,

Nakusalimu kwa shingo upande. Barabara imekatika kwa mvua, sikuweza kuja. Mengine yote tumeyafanya. Hata mama mkwe alilainika aliposomewa barua: kila asubuhi anakamua, anakimbia na kikombe hadi kitandani kwangu. "Mutoto, kunywa mbiyo, iko ya moto!" Povu bado liko juu. Lakini homa imezidi, na sasa inamshika na yeye. Kama dawa yako ni hii, nimechoka.

Aziza

Kasongo, 11 Mei 1955

Aziza,

Salamu baadaye. Yamwageni! Nimecheka, halafu nimelia. Mji umenisahaulisha maneno ya nyumbani: huko kwenu "ya moto" ni yale yaliyotoka chuchuni sasa hivi. Mimi nilitaka yachemke motoni, yapande sufuriani mpaka yatake kumwagika. Mwambie mama mkwe kosa ni langu. Lori la pamba linakuja huko barabara ikikauka. Pandeni nyote wawili, wewe na yeye.

Mjomba wako

Kabambare, 19 Novemba 1956

Mjomba wangu mpendwa,

Hujambo? Goti je? Sisi tuko wazima, na safari hii ni kweli. Nisamehe ukimya, niliogopa kuandika mapema. Wale ng'ombe wawili walichinjwa kama daktari alivyotaka. Amuri alinuna, lakini hakunirudisha. Sindano za Kasongo zilituponya, ingawa mama mkwe alizililia kuliko mimi.

Juzi nimezaa mtoto wa kiume. Mkunga aliniletea kikombe cha maziwa. Mama mkwe akakishika, akakinusa, akamrudishia: "Hii iko ya moto tu. Haikuchemka. Rudisha ku moto!"

Njoo umwone mtoto. Jina lake usiniulize, tazama hapa chini.

Mama Sumaili